Kaye za papa: nitaandikaje historia ya ekipe ndogo ya Katuba, msimu kwa msimu?

BintiKatuba ameuliza:

Jambo yenu, bakubwa na wadogo.

Papa alikuwa katibu wa ekipe moja ya kartie kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, kwa miaka mingi, tangu wakati wa Zaire mpaka magoti yalipomkataza kwenda uwanjani. Ni ekipe ndogo. Haijawahi kucheza Linafoot, ligi kuu ya nchi, haijavuka ngazi za Entente, chama cha mpira cha mji, na mtu wa Kinshasa hana namna ya kuijua. Jina lake nitaliweka hapa siku kamati itakaponiruhusu, maana wameomba nisitangaze kitu kabla hawajakisoma. Wamenipa kazi ya kuandika historia ya klabu, na nyuma yake niweke misimu yote kwa mpangilio: ilicheza daraja gani, ilishinda mara ngapi, ilifunga ngapi, ilimaliza ya ngapi.

Nilicho nacho ni kaye zake. Kaye za shule za mistari, ameandika kwa biki ya bluu, na bao tulizofungwa kwa nyekundu. Kila mechi ina tarehe, uwanja, kumi na moja walioanza, nani aliingia, nani alifunga, jina la arbitri, na mara nyingi mstari mmoja wa papa mwenyewe. "Mvua. Sare ilitutosha." "Golikipa amecheza na malaria, amekataa kutoka." "Leo wamama wa soko walikuja wengi kuliko wanaume." Nikisoma mistari hii naona kazi hii haiwezi kufanywa ovyo.

Ila nimekwama.

Kwanza ni mwaka wa kuzaliwa. Muhuri wa kamati unasema 1971. Muzee mmoja aliyekuwa beki anaapa kwamba walikuwa wakicheza tangu 1964, vijana wa parokia, kwa jina lingine. Mjane wa mmoja wa waanzilishi anasema kabla ya kuandikishwa kwenye Entente ilikuwa michezo ya watoto tu, isihesabiwe. Wote watatu nawaheshimu. Nimfuate nani?

Halafu wachezaji. Katika kaye za mwanzo kuna winga anaitwa Joseph, anafunga karibu kila Jumapili. Ghafla hayupo tena, na nafasi yake inachukuliwa na mtu mwenye jina la kiasili tupu, naye anafunga vilevile. Ni watu wawili ao mmoja?

Points nazo hazikubali. Nikizidisha ushindi kwa 3 na kuongeza sare, napata jumla kubwa kuliko ile aliyoandika papa, na papa hesabu zake zilikuwa safi. Kuna pia jedwali moja ambalo panya wamekula mstari wa mwisho wote. Mechi nyingine zimeandikwa "forfe", ushindi wa mezani, bila bao. Na mwanzoni mwa miaka ya 90 kaye zenyewe hazipo.

Vijana wa kamati wananiambia: dada, acha hayo, weka vikombe na picha, basi. Vikombe vyetu ni vichache sana. Nikiweka vikombe peke yake, ukurasa mmoja utatosha, na hawa watu wote walioandikwa kwa biki ya bluu itakuwa kama hawakucheza.

Naomba msaada wenu, hasa wale waliowahi kushika karatasi za klabu.

---

Muzee wa Kamalondo amejibu:

Mwanangu, papa yako alifanya kazi ambayo viongozi wengi wa ekipe zenye pesa hawakuifanya. Mimi ni mtu wa Kamalondo, nyumbani kwa Mazembe, na rangi zangu ni nyeusi na nyeupe, kila mtu humu anajua. Lakini swali lako linapita ushabiki.

Kuhusu mwaka, usichague. Ekipe ina tarehe tatu na zote ni za kweli: siku watu walipoanza kucheza pamoja, siku walipoandikishwa, na siku walipochukua jina wanalobeba leo. Ziandike zote, na kando ya kila moja uandike nani amekuambia ao karatasi gani inasema. Yule beki hasemi uongo, na yule mama hasemi uongo. Kila mmoja anakupa tarehe yake.

Tazama wakubwa wetu. Mazembe inahesabu umri wake tangu 1939, mapadri Wabenediktini wa Institut Saint-Boniface walipowaundia vijana wa skauti ekipe. Lakini mwaka ule hapakuwa na Mazembe. Palikuwa na Saint-Georges. Mwaka 1944 ikawa Saint-Paul. Baadaye ikawa Englebert, jina la matairi, na baada ya ule mwaka 1966, walipochukua ubingwa bila kushindwa, ikawa Tout-Puissant Englebert. Jina la Mazembe limekuja nyuma ya hayo yote. Mtu akifungua gazeti la 1967 na kutafuta "Mazembe" atatoka mikono mitupu, na ndio mwaka klabu hiyohiyo ilipochukua Kombe la Afrika la mabingwa kwa mara ya kwanza. Ukiandika historia kwa kufuata jina, unapoteza nusu ya maisha ya ekipe. Fuata watu na uwanja.

Na sio klabu tu zilizobadilika. Lupopo nayo ni ya 1939, ekipe ya watu wa reli, na reli yenyewe imeitwa BCK, KDL, SNCZ, sasa SNCC. Mji wetu ulikuwa Élisabethville mpaka 1966. Likasi ilikuwa Jadotville. Katanga iligeuka Shaba, ikarudi Katanga mwaka 1997, na tangu 2015 sisi ni Haut-Katanga. Nchi ilikuwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Ukienda kutafuta kwenye gazeti ao kwenye makaratasi ya Ligi, uwe na majina haya yote mfukoni, ama utaambiwa "hakuna" wakati kitu kiko mbele yako kwenye rafu.

Huyo Joseph wako, mimi ningetia mkono motoni kwamba ni mtu mmoja. Angalia kama badiliko linaangukia 1972. Mwaka huo serikali ya Mobutu ilitutaka tuache majina ya ubatizo. Watu waliingia uwanjani Jumapili moja wakiitwa Pierre na Raoul, na Jumapili iliyofuata wakasomwa kwa majina ya mababu. Hata kapteni wa Zaire kwenye Kombe la Dunia la 1974 ni vilevile: karatasi za miaka ya 60 zinamwita Raoul Kidumu, za 1974 zinamwita Kidumu Mantantu. Mtu asiyejua atahesabu wachezaji wawili. Linganisha namba ya jezi, nafasi, na mguu anaotumia kama papa ameandika, kisha nenda ukaulize nyumba kwa nyumba. Katuba bado ina wazee. Nenda mapema, mwanangu, usingoje wasiwepo tena ndipo uende.

Sasa miaka ya 90, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu jambo hili linaniuma.

Unasema kaye hazipo mwanzoni mwa miaka ile. Sishangai. Mwaka 1991 uporaji ulianza Kinshasa ukafika mpaka kwetu. Maduka yalibaki kuta, kazi zilisimama, mshahara ukawa karatasi isiyonunua unga. Nani angekumbuka kununua kaye mpya ya kuandika mechi za daraja la chini? Lakini watu walicheza! Hilo ndilo ninalotaka uliandike. Mwaka huohuo wa 1991 bingwa wa Zaire alikuwa Mikishi. Sio Vita wala Motema Pembe za Kinshasa, sio Mazembe. Mikishi, ekipe ya Lubumbashi hapa. Na mwaka uliotangulia, 1990, bingwa alikuwa Lupopo. Mara mbili mfululizo ubingwa wa nchi nzima umelala mji huu, na mara zote mbili haukulala Kamalondo. Mimi mtu wa Kamalondo nasema hivyo.

Waulize vijana leo juu ya Mikishi. Wanamjua Kidiaba, golikipa wa Mazembe, alivyokuwa akiruka kwa makalio, wanajua tulivyomfunga Internacional ya Brazil 2-0 mwaka 2010 tukafika fainali ya dunia na Inter Milan, na ni vizuri wajue. Lakini bingwa wa nchi wa 1991 hawamjui, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuandika ao aliyeandika hakutunza. Kama bingwa wa nchi anaweza kupotea namna hiyo ndani ya mji wake mwenyewe, ekipe ya Katuba itapona kwa nini? Itapona kwa kaye za papa yako.

Neno moja la mwisho kwa leo. Usiache namba ikae peke yake. Ukisoma orodha ya mabingwa wa Afrika utaona 1967 Englebert. Lakini fainali zile mbili na Asante Kotoko ya Ghana zilikuwa sare, 1-1 na 2-2, na mechi ya tatu Kotoko hawakutokea, habari haikuwafikia. Kombe likaja kwetu. Miaka mitatu baadaye, 1970, Kotoko walirudi fainali na sisi tena, sare 1-1 kwao Kumasi, halafu wakatufunga 2-1 Kinshasa. Ukiweka majina ya mabingwa tu, mtu hataelewa kwa nini watu wa Kumasi walicheza ile ya pili kama vita. Mstari mmoja wa maelezo unatosha. Papa yako alijua hivyo, ndiyo maana aliandika "Mvua".

---

KijanaWaKamati amejibu:

Mimi ni mmoja wa hao vijana wa kamati, na nilimwambia dada maneno yale kwa nia njema. Tunataka kitabu kidogo cha kuwaonyesha watu wanaoweza kutununulia jezi na mipira. Mtu mwenye pesa akiona kurasa za "tumeshindwa 3-1, tumeshindwa 2-0, tumeshuka daraja", atafunga kitabu. Yeye anataka kuona ushindi. Siyo kwamba tunadharau wazee.

---

Muzee wa Kamalondo amejibu:

Kijana wangu, nimekusikia, na haja ya jezi ni haja ya kweli. Lakini huyo mwenye pesa anajua kwamba ekipe ya kartie haikosi kushindwa. Akiona vikombe vitatu na miaka hamsini ya kimya, atauliza miaka mingine mlikuwa wapi. Akiona msimu mlioshuka daraja, na msimu unaofuata majina yaleyale yanarudi uwanjani, atajua hii ekipe haifi. Mimi ningempa jezi huyo wa pili.

Fanyeni vitabu viwili kama mnataka: cha kurasa chache cha kuombea, na kile cha kweli cha kutunza. Cha kweli ndicho kitangulie.

---

Mwalimu wa Ruashi amejibu:

Nafundisha hesabu, na kwa muda nimesaidia kupanga jedwali za mashindano ya vijana upande wa Ruashi. Nitajibu yale ya namba, mengine Muzee ameyajibu.

Papa yako hakukosea. Zamani ushindi ulikuwa points 2, sare 1. FIFA ilitumia points 3 kwenye Kombe la Dunia la 1994, na baada ya hapo dunia ikafuata. Kila Entente ilianza kwa wakati wake, kwa hiyo usiweke mwaka kwa kukisia, jedwali lenyewe litakuambia. Ekipe iliyoshinda 5, sare 2, ikiwa na points 12, hiyo ni hesabu ya zamani. Ikiwa na 17, ni hesabu mpya. Na tafadhali, usibadilishe za zamani kuwa za kisasa ili zifanane. Watu walicheza wakijua sare ni nusu ya ushindi. Ekipe iliyokuwa ugenini dakika za mwisho ilikuwa na sababu ya kufunga mlango, na mstari wa papa "sare ilitutosha" unaeleweka hapo tu. Ukigeuza points, unaweza hata kugeuza bingwa ambaye kombe lake lipo kabatini kwa watu.

Sasa mstari ulioliwa na panya, na hapa hesabu ya zamani ni rafiki yako mkubwa. Kwa points 2, kila mechi inatoa points 2 kamili, iwe ushindi ao sare. Kwa hiyo jumla ya points za ekipe zote ni idadi ya mechi mara mbili, daima. Nakupa mfano wa kubuni. Kundi la ekipe 5, nyumbani na ugenini: kila ekipe inacheza mechi 8, kundi zima ni mechi 20, points zote ni 40.

Ya kwanza: ushindi 5, sare 2, kushindwa 1, bao 14 kwa 6, points 12.
Ya pili: 4, 2, 2, bao 11 kwa 8, points 10.
Ya tatu: 3, 1, 4, bao 9 kwa 10, points 7.
Ya nne: 2, 3, 3, bao 8 kwa 10, points 7.
Ya tano: imeliwa.

Jumla ya points zinazoonekana ni 36. Basi ya tano ilikuwa na 4, hakuna namna nyingine. Na bao: kila bao lililofungwa na mmoja limefungwa kwa mwingine, kwa hiyo jumla ya bao za kufunga lazima ilingane na za kufungwa. Hapa za kufunga ni 42, za kufungwa ni 34. Ekipe ya tano basi imefungwa 8 zaidi ya ilizofunga. Points 4 ndani ya mechi 8 zinaweza kuwa ushindi 2 bila sare, ushindi 1 na sare 2, ama sare 4. Ukipata kwenye kaye mechi moja tu waliyoshinda na nyingine waliyotoka sare, umemaliza: ushindi 1, sare 2, kushindwa 5. Kwa points 3 huwezi kufanya hivi kirahisi, kwa sababu mechi ya sare inatoa 2 na ya ushindi inatoa 3, jumla haitulii.

Tumia njia hiyohiyo kukagua hata jedwali zisizoharibika. Jumla ya ushindi wa wote iwe sawa na jumla ya kushindwa kwa wote. Jumla ya sare iwe namba shufwa, kwa kuwa kila sare inaandikwa mara mbili. Ikikataa, kuna kosa la kunakili ao kuna forfe imejificha ndani.

Forfe: kanuni za FIFA zinampa aliyekuwepo 3-0, na kama mechi ilichezwa na matokeo ya uwanjani yalikuwa makubwa kuliko hayo, yanabaki yale makubwa. Lakini Entente za mji zilikuwa na desturi zao, na papa yako kuandika "forfe" bila bao inaweza kuwa na maana kwamba bao hazikuhesabiwa kabisa. Jaribu njia zote mbili kwenye jumla ya bao za msimu, utaona ipi inakubali. Pia kuna ekipe inayojiondoa katikati ya msimu. Hapo mara nyingi matokeo yake yote yanafutwa, na mfungaji wenu anaweza kuwa alifunga bao tatu ambazo jedwali halizijui. Ziandike kwenye maisha ya mchezaji, usiziandike kwenye jedwali, na ueleze chini.

Msimu usiomalizika usiulazimishe kumalizika. Hata juu kabisa mambo haya yapo. Linafoot ya 2019-2020 ilikatizwa na korona na Mazembe ikatangazwa bingwa. Ile ya 2022-2023 haikufika mwisho, na bingwa hakuna. Misimu miwili iliyokatika, na maamuzi mawili tofauti. Andika kilichoamuliwa.

Na mahali usipojua, weka alama ya kistari, kamwe usiweke sifuri. Sifuri ni habari. Inasema walicheza na hawakufunga.

---

Mama wa Kampemba amejibu:

Binti, kabla ya historia, okoa kaye. Nimefanya kazi ya kutunza karatasi ofisini kwa muda mrefu.

Zipige picha zote, ukurasa kwa ukurasa, hata zisizo na kitu, mchana karibu na dirisha lakini jua lisipige moja kwa moja. Picha ziwekwe kwa simu mbili za watu wawili, na moja itumwe kwa ndugu aliye mji mwingine. Usibandike skochi mahali palipochanika, baada ya miaka inageuka manjano na kula wino. Usizipeleke kufunikwa kwa plastiki. Funga kwa karatasi safi, weka ndani ya bati lenye kifuniko, juu ya kabati, mbali na ukuta, maana mchwa wanapanda ukutani msimu wa mvua. Na kaye asilia zisitoke nyumbani hata kama kamati inaziomba. Wape nakala.

Picha za ekipe uzigeuze nyuma, watu wa zamani waliandika nyuma. Unapomuuliza mzee, muulize kwanza waliochuchumaa, kushoto kwenda kulia, halafu waliosimama. Ukimuuliza "hawa ni nani" atakutajia wawili maarufu na kunyamaza.

---

Fils wa Likasi amejibu:

Yaya, nisome pia mimi wa Likasi. Huku kwetu tuna ekipe ya Nyanza. Ukisema Kombe la Dunia la 1974 watu wanasema Vita, Imana, Mazembe, na ni kweli ndizo zilizojaza ile ekipe. Lakini kati ya wale ishirini na wawili alikuwemo Mialo Mwape, mchezaji wa Nyanza. Zaire ilifungwa mechi zote tatu, 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, 3-0 na Brazil, na watu wengi wanaikumbuka kwa aibu tu. Kwetu tunakumbuka kwamba mtoto wa mji wa madini alikuwepo. Mtu asingeandika jina la klabu yake kando ya jina lake, Likasi isingekuwa kwenye hadithi ile hata kwa herufi moja.

Kwa hiyo kwenye orodha yako, mchezaji wa Katuba akienda ekipe kubwa, andika ametoka wapi na msimu gani. Ekipe kubwa hazitakuandikia.

Na kama uko Lubumbashi, pita UNILU, chuo kikuu cha mji. Kulikuwa na mradi wa Mémoires de Lubumbashi, wanahistoria wa pale waliokusanya kumbukumbu za watu wa kawaida wa mji, masimulizi na vitu vya nyumbani. Watu wa namna hiyo wanaelewa thamani ya kaye ya mistari.

---

BintiKatuba amejibu:

Ninawashukuru wote, kila mmoja kwa nafasi yake.

Mwalimu, nimejaribu ile hesabu kwenye jedwali la panya. Lilikuwa la points 2 kweli. Mstari uliopotea umerudi points zake na tofauti ya bao, na nimepata kwenye kaye mechi yetu na ile ekipe, tulitoka sare. Nimemwonyesha papa, ameangalia muda mrefu, halafu akataja jina la ekipe iliyoliwa na jina la kapteni wao. Nilikuwa sijamwambia ni ipi.

Muzee, badiliko la Joseph liko 1972, mwishoni. Nimempata mdogo wake, bado yuko hapa Katuba. Ni mtu mmoja. Nimeandika majina yote mawili, la kwanza na la pili, na bao zake zimeungana.

Kwa kamati: tumekubaliana vitabu viwili, kama Muzee alivyosema, na kile kirefu kinatangulia.

Nabaki na moja. Papa ameandika pia mechi za kirafiki, nyingi mno. Kuna za sikukuu, kuna za matanga ya mchezaji, kuna moja na ekipe ya wachimbaji waliokuja na lori kutoka Kipushi. Nyingine tumefunga bao nyingi. Vijana wanataka zihesabiwe kwenye jumla ya bao za wafungaji. Nifanyeje?

---

Mwalimu wa Ruashi amejibu:

Zisiingie kwenye jumla ya shampiona. Ukizichanganya, hesabu haitakaguliwa tena na mtu yeyote, kwa sababu upande wa pili hauna jedwali. Tengeneza safu tatu kwa kila mchezaji: shampiona, kombe, kirafiki. Anayetaka kujumlisha atajumlisha mwenyewe.

Lakini ile ya matanga na ile ya lori la Kipushi uziandike zote kamili ndani ya historia, na wachezaji wote kumi na moja wa pande zote mbili kama papa ameandika. Na huyo kapteni aliyemtaja, muulize leo jioni alikuwa anaishi avenue gani. Ekipe yake pia inaweza kuwa na katibu aliyeweka kaye.